Mti Mmoja kwa Kila Gari

“Hivi, Mama Happy, wewe hapa unalinda daraja au unalinda mto?”

Swali hilo Nesta aliulizwa na jirani yake, Mhoja, asubuhi moja ya kiangazi. Mhoja alikuwa mke wa mfugaji wa Kisukuma, katika zile kaya zilizoshuka na ng'ombe wao mpaka bonde la Momba, na alikuwa amekuja mtoni kuteka maji. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya chumvi, akajitwisha ndoo, akapanda njia ya kwenda kwake bila kungoja jibu. Nesta, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kando ya geti la darajani, alishukuru moyoni kwamba hakungojwa, maana jibu hakuwa nalo.

Swali likabaki pale. Likakaa naye kutwa nzima, na kwa kuwa siku hiyo halikupita gari hata moja, ndilo lililokuwa mgeni wake wa pekee.

Jina lake kamili lilikuwa Nesta Nachalwe. Alizaliwa huko juu, upande wa Tunduma, kwenye baridi na maharage, akaja kuolewa bondeni kwenye joto na ufuta. Mumewe, Watson Siame, alikuwa mtu mpole wa kucheka polepole, ambaye hata akigombana na jembe alilisemesha kwanza. Mungu aliwapa watoto watatu, akawachukua wawili wakiwa bado mgongoni. Akabaki Happy. Happy naye alipokua alipanda mlima kwenda Tunduma, akaanza biashara ya mchele na Wazambia, akajifunza Kibemba cha sokoni, akapanga chumba, na nyumbani akawa mtu wa Krismasi.

Nyumba ya Nesta ilikuwa peke yake kando ya mto, mwendo wa nusu saa kutoka kijijini Isanzo. Watson aliijenga pale kwa sababu ya bustani. Alikuwa akisema, “Mtu aliye karibu na maji hafi njaa.” Njaa haikumwua kweli. Aliuawa na maji.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, zile mvua ambazo hata redio ilizipa jina. Daraja la wakati huo lilikuwa magogo matatu yaliyofungwa kwa waya. Watson alikuwa ng'ambo, amekwenda kununua chumvi na mafuta ya taa kwenye gulio lililo mbele ya pori, akarudi jioni akakuta mto umejaa. Waliomwona walisema aliyajaribu magogo kwa mguu mmoja, akayaona yametulia, akaweka wa pili. Walimtafuta siku mbili. Siku ya tatu Nesta mwenyewe ndiye aliyemwona, chini kidogo ya daraja, pale mto unapopinda, ambapo mizambarau pori ilisimama ukingoni imeingiza mizizi yake majini kama vidole. Mizizi ndiyo iliyomshika. Shati lake lilikuwa bado limefungwa vifungo. Wengine mwaka huo walikwenda na mto moja kwa moja, na ndugu zao wakabaki kulilia maji. Yeye alipata mtu wa kuzika. Alipiga magoti kwenye tope, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mizizi. Waombolezaji walidhani huzuni imemchanganya akili. Hakuwaeleza. Kuanzia siku hiyo kona ile ya mto aliiita Kwa Watson, lakini aliiita hivyo kimoyomoyo tu.

Baada ya vifo vile likajengwa daraja jipya, la saruji na vyuma. Watu wa Isanzo walilifurahia, wakachinja mbuzi wawili na kuimba. Ila hakuna aliyefikiri kwamba daraja linalobeba mtu litabeba na gari. Kabla ya hapo pori la ng'ambo lilikuwa na ngao yake, nayo ni ule mto. Sasa ngao ilikuwa imetobolewa. Haukupita mwaka, malori yakaanza kushuka kutoka Tunduma matupu na kurudi yamesheheni mkaa mpaka juu ya kichwa cha dereva. Usiku moshi wa matanuri ulionekana ng'ambo kama kambi ya jeshi.

Kijiji kikaitisha mkutano. Wengi walitaka magari yatozwe ushuru wa fedha. Mtendaji wa kijiji, kijana mmoja nadhifu aitwaye Fanuel, alikuwa ameshafungua daftari. Hapo akasimama mtu ambaye hajawahi kusimama mkutanoni.

“Mimi naona hela zitaliwa, na zikishaliwa miti haitarudi,” Nesta alisema, akishika ncha ya kanga yake. “Anayekata na apande. Kila gari la mkaa likipita litoe mti mmoja. Tuupande ukingoni, mto upate nguo.”

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti Boazi, mzee mnene mwenye utani mwingi, akasema, “Kumbe huyu mama alikuwa na ulimi! Alikuwa ameuhifadhi wapi siku zote?” Kukapita azimio. Fanuel akachora ubao kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, mwandiko wa kupendeza: KILA GARI LA MKAA MTI MMOJA. Geti likawekwa upande wa nyumba ya Nesta, nguzo ndefu yenye jiwe lililofungwa mkiani ili iinuke kwa urahisi. Na nani alilinde? Aliyelisema, tena aliye karibu. Malipo yake yakawa kwamba kijiji kitamlimia shamba lake siku mbili kila mwaka.

Alikubali haraka, na moyoni alijua sababu. Si shamba. Tangu Watson aondoke zilikuwapo siku ambazo sauti ya kwanza aliyoisikia tangu kuamka ilikuwa yake mwenyewe akiomba, na ya mwisho vilevile. Geti litawafanya watu wasimame. Mtu akisimama husalimia.

Gari la kwanza lilikuwa Fuso la bluu. Dereva wake aliitwa Makene, Msukuma mrefu mwenye kofia ya sufi hata kwenye jua, anayelala Tunduma na kushinda barabarani. Alivuka daraja, akausoma ubao kwa sauti, akarudi nyuma ya gari, akavuta boriti moja safi iliyochongwa, ndefu kama mtu na nusu. Akaibwaga miguuni pa Nesta.

“Mama, ushuru wenu huo. Mti mmoja.”

Nesta akacheka. “Baba, mti wa kupanda.”

“Kupanda wapi?”

“Kupanda ardhini, uote!”

Makene akaurudia ubao, safari hii kwa kidole. “Mti. Em, te, i. Mimi nimesoma mpaka la nne tu, lakini hili neno nalijua. Huu nao si mti? Ni muwa?”

“Huo ni mti wa kujengea.”

“Basi mmeandika mti, hamkuandika mche. Mama, usinichoshe, jua linaniunguzia mzigo.” Akacheka kwa meno yote. “Au niuchomeke hapa ardhini? Ukiota nitakuja kukuoa.”

Nesta aliinua geti. Kosa alikuwa ameliona, tena alijua limetoka kinywani mwake mwenyewe. Alikuwa amesema mti, Fanuel akaandika mti, na kijiji kizima kilikuwa kimesikia kitu kilichosimama. Madereva walisoma kitu kilicholala. Kwa Kiswahili vyote viwili ni mti.

Alikwenda kumweleza Fanuel. Alimkuta ofisini anapima boriti kwa kamba.

“Mama, tulia kwanza,” Fanuel alisema. “Unajua mwalimu mkuu analala darasani? Miti hiyo hiyo ndiyo itakayojenga nyumba yake. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sisi tumepata miti na wajenzi tunao. Huoni ni baraka?”

“Lakini ukingo, mwanangu?”

“Ukingo tutaupanda. Tuanze na mwalimu.”

Mwalimu alikuwa mtu mwema mwenye watoto wadogo, na ni kweli walilala kwenye madawati. Nesta akanyamaza. Ukimya wake haukuwa kwa ajili ya mwalimu peke yake, na kwenye sala alilisema hilo waziwazi, maana Mungu hadanganywi. Aliogopa kwamba akilisumbua neno, litaondolewa geti.

Basi miti ikaja. Mwaka ukapita na mwingine ukafuata. Nyumba ya mwalimu ikapata kuta, ofisi ikapata baraza, soko la Jumamosi likapata vibanda. Na geti likampa Nesta watu. Aliwajua madereva kwa milio ya injini zao. Mmoja alipenda viazi vyake vya kuchemsha, mwingine alimwomba amwombee mkewe mjamzito. Lakini wa moyoni alikuwa Makene. Yeye ndiye aliyemletea sabuni na chumvi, na barua za Happy zilizoandikwa kwa haraka. Nesta alizisoma kwa sauti Makene akimsubiri, kisha akamwambia jibu kwa mdomo, naye akalibeba mpaka sokoni.

“Mwapoleni, mama mkwe!” alikuwa akipiga kelele tangu katikati ya daraja, kwa ile salamu ya Wazambia aliyoiokota Tunduma. “Fungua, mwanao anaungua!”

“Mkwe gani asiye na ng'ombe? Wasukuma wote wana ng'ombe, wewe una vumbi tu.”

“Ng'ombe wako njiani, wanatembea kwa miguu!”

Akishapita, Nesta alisimama akisikiliza gari likikwea mlima, sauti ikipungua na kupungua mpaka ibaki ile ya maji. Kisha alirudi kukaa. Alikuwa na mazoea ya kukisogeza kigoda kufuata kivuli, na mtu angeweza kujua saa kwa kuangalia alipokaa.

Halafu zikaja simu. Tunduma kila mtu akawa nayo mkononi, lakini bondeni mtandao haukufika. Happy akaacha kuandika, kwa kuwa wenzake wote walikuwa wamekwisha kuacha. Makene akawa analeta salamu badala ya barua. “Anasema hajambo, mama. Anakusalimu sana.” Sana ya namna hiyo Nesta aliielewa.

Mwaka huo huo mguu wake wa kulia ulivimba, na kuteremka mpaka kwenye kona ya mto kukawa hakuwezekani. Kila Pasaka alikuwa akienda Kwa Watson kuimba wimbo mmoja. Mwaka huo aliuimbia nyumbani. Alisikia mashoka mara kwa mara upande ule, nyuma ya matete, akadhani ni wanawake wa kuni.

Ndipo ilipofika ile asubuhi ya Mhoja na swali lake. Na kesho yake akaja Makene.

Alivuka na Fuso lake limeinama kwa mzigo, akaruka chini, akavuta mti. Ulikuwa mbichi. Kwa haraka hakuuchonga mpaka juu, na kwenye ncha yake kulibaki majani, na katikati ya majani kichala kidogo cha zambarau.

“Leo nimekuchagulia mzuri, mama mkwe. Umenyooka kama askari wa paredi.”

Nesta alikitazama kile kichala. Bonde lile zambarau pori lilimea mahali pamoja tu.

“Umeutoa wapi, baba?”

“Hapo chini, kwenye kona. Zamani tulikuwa tunatoka nao porini, lakini mtu husahau, unafika darajani huna mti. Basi unasimama ng'ambo, unashuka hatua mbili tatu, unajichukulia. Sote tunachukua hapo.” Akamwangalia. “Mama, vipi? Mguu?”

“Mguu,” alisema Nesta. Akainua geti. Jiwe la mkiani likagonga chini kwa kishindo ambacho hakijawahi kusikika.

Alasiri alichukua fimbo, akavuka daraja, akashuka. Alikwenda akikaa na kuinuka, akikaa na kuinuka, mpaka akayapita matete. Ukingo ulikuwa mtupu. Visiki vilikuwa vimejipanga kandokando ya maji, vingine vyeusi vya zamani, vingine bado vyekundu. Alivihesabu kwa ncha ya fimbo: thelathini na tisa. Ilibaki mizambarau minne mikubwa, minene mno kwa shoka la mtu mwenye haraka. Na hata hiyo, udongo ulikuwa umeshuka chini yake, mizizi ikaning'inia hewani haishiki kitu. Maji yaliyopita pale yalikuwa mekundu kama chai.

Alikaa kwenye kisiki. Alijaribu kumkasirikia Makene, ikashindikana. Yule mtu alimletea chumvi. Alikuwa amelipa alichoambiwa alipe. Geti lile lilisimamisha magari, shoka halikulisimamisha. Tena lilikuwa limelifundisha shoka njia ya kuja mtoni. Na aliyelileta ni nani? Ni yeye, Nesta, kwa ulimi wake mwenyewe. Siku hiyo hakuimba. Alisema tu, “Nisamehe, Watson,” kisha akakumbuka kwamba msamaha huombwa kwa Mungu, akauomba na huko pia.

Kesho yake alikwenda kijijini kwa kupanda mkokoteni wa ng'ombe wa kina Mhoja, akamsihi Fanuel abadili neno moja. Fanuel aliguna, kwa sababu paa la jiko la mwalimu lilikuwa bado, lakini akaja na kopo la rangi. Akafuta mti, akaandika MCHE.

Madereva hawakugoma. Dereva wa kwanza alileta mche wa mparachichi ndani ya kopo la mafuta ya kula. Nesta alifurahi mpaka akapiga vigelegele peke yake. Akauweka kivulini ili aupande jioni, akaingia ndani kuchukua jembe. Alipotoka, kopo halikuwapo. Baada ya siku tatu mche ukaja tena, mikononi mwa dereva mwingine. Mparachichi uleule, wenye jani lililokatika ncha, na kopo lilelile lenye picha ya jogoo.

“Huu nimeshauona,” Nesta alisema.

“Miche inafanana, mama. Kama mapacha.”

Akaupokea akauweka miguuni pake, na safari hii hakuondoka. Hata hivyo jioni alikuja mtu kwa baiskeli akasema yule dereva amekwama mlimani na anaomba aazimwe mche wake mara moja, ataurudisha; Nesta akautoa. Baadaye Makene alimwambia ukweli, akicheka na kuona aibu kwa pamoja: madereva waliununua mmoja kwa ushirika huko Mlowo, na waliachiana kwenye duka la mlimani. Mparachichi ule ulivuka daraja mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Isanzo, na mwishowe ukafa kwa kuchoka, haujagusa ardhi.

“Mama, nikuambie kitu, usikasirike,” Makene alisema siku hiyo, amechutama kando ya kigoda. “Hata tukileta miche kweli, hata mkitutoza tani. Tunduma wanapika. Kila asubuhi wanakoka moto. Geti halimzuii mtu kula. Wanaopika huko wala hawajui kama kuna geti.”

“Kwa hiyo geti halisaidii?”

“Linasaidia.” Akavua kofia, akaikung'uta. “Mimi linanisaidia. Nikipita hapa nasimama, naongea na mtu. Njia nzima nyingine sina wa kuongea naye.”

Nesta alitazama pembeni. Hakutaka Makene auone uso wake, kwa kuwa alichokisema dereva ndicho alichokuwa akikificha yeye miaka sita. Usiku huo alilala na uamuzi umekaa kifuani kama jiwe la geti. Likibaki, atakuwa na watu, na kona itakwisha, maana neno lolote watakaloandika litapata mwenye kulipinda. Likiondoka, mashoka hayatakuwa na sababu ya kushuka pale. Magari yatapita moja kwa moja. Hakuna atakayesimama.

Mkutano wa kijiji ulikuwa mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mvua. Nesta alisimama kwa mara ya pili katika maisha yake.

“Naomba ule ushuru ufutwe,” alisema. “Geti liondolewe.”

Kukawa na kicheko, na Boazi akafuta macho. “Mama Happy! Siyo wewe uliyelileta? Leo unalikataa? Umekuwa popo, hatujui tukuweke kwa ndege au kwa wanyama!”

“Niwekeni kwa waliokosea, mwenyekiti.”

Kicheko kikapungua. Fanuel akasema geti limejenga nyumba ya mwalimu, na hilo lilikuwa kweli. Mtu mwingine akasema basi irudishwe fikra ya fedha. Nesta hakubishana. Alisema, “Mimi sina maneno mengi. Nawaomba tushuke wote mpaka kwenye kona, mkaone. Mkishaona, amueni mnavyotaka.”

Walivuka daraja wakashuka wachache, labda watu ishirini, Boazi akihema na kulalamikia miiba. Mhoja alikuja, amemshika Nesta mkono. Makene, ambaye gari lake lilikuwa limesimama getini, aliona msafara akaufuata. Walipotokea kwenye matete wote wakasimama. Wengi wao hawakuwa wamefika pale tangu siku ya kumtoa Watson, na wale waliomtoa walipakumbuka. Walikuwa wameshikilia mizambarau ile ile ili wasiteleze. Sasa hapakuwa na cha kushika.

“Hapa ndipo,” mzee mmoja alisema, taratibu.

“Ndipo,” alisema Nesta.

Makene aliangalia visiki, akamwangalia mama. “Ndipo wapi?”

Mhoja akamweleza, kwa Kisukuma, kwa maneno machache. Makene akavua kofia. 

“Mama, kwa nini hukuniambia?”

“Hukuniuliza, baba. Na mimi niliogopa utaacha kusimama.”

Boazi, ambaye utani ulikuwa umemwisha, alipiga fimbo chini. Akasema kwamba yeye haoni haja ya kupiga kura. Ushuru umekufa leo. Mkaa utazungumzwa na walio juu ya kijiji, maana umewazidi, lakini ushuru huu wao waliuzaa na wao watauzika. Fanuel, bila kuambiwa, alisema ataufuta ubao mwenyewe. Kisha wakapanda polepole kurudi darajani, na wanaume wanne wakaenda kulifungua lile jiwe la mkiani. Nguzo ikaanguka chini kando ya barabara, ikabaki vumbi tu pale ilipokuwa.

Watu walianza kutawanyika. Mhoja alichukua ndoo yake. Nesta akamwambia, “Ulinikuta sina jibu, jirani yangu. Sikuwa nikilinda daraja wala mto. Nilikuwa najilinda mwenyewe na ukimya.” Mhoja alimtengenezea kanga begani kama mtu anavyomtengenezea dada yake.

Boazi alirudi hatua chache. Alikuwa ameona kigoda kimebaki peke yake kando ya barabara, hakina geti la kulinda.

“Mama Happy, umetutendea haki leo, na haki imekutoa kazini. Shamba lako tutaendelea kulima, hilo halina mjadala. Lakini sema mwenyewe. Una ombi gani kwetu?”

Madereva wawili walikuwa wamefika nyuma ya Fuso la Makene, wamezima injini, wakasikia pia. Nesta alifikiri kidogo. Alitazama mlima ambako sauti za magari huishia, kisha akasema:

“Naomba ile mizambarau minne iliyobaki iachwe. Na kila gari linalopita hapa lipige honi mara moja, nijue kuna mtu amepita.”